Shangazi Aliyeturudisha Nyumbani Tukiwa Wazima

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi uliotukuka, mkuu wa chumba cha vipodozi cha kampuni yetu ya filamu anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe thelathini. Menejimenti na wafanyakazi wote wanajivunia nidhamu yake na moyo wake wa kujituma, na wanamshukuru kwa dhati mkurugenzi wetu mpendwa, ambaye uongozi wake wenye maono ulikipa kipaji cha mstaafu nafasi ya kuchanua. Ni furaha iliyoje kwamba hafla hii inakwenda sambamba na onyesho la kwanza la filamu yetu mpya, Ghala la Wafu, Sehemu ya Pili.

Haya. Aya ya kwanza imekwisha, na kila anayefanya kazi hapa anajua kwamba mkurugenzi husoma aya ya kwanza tu. Ndivyo anavyosoma hadithi tunazompelekea, ndivyo anavyosoma mikataba, na ndivyo alivyokisoma kijitabu hiki cha hafla kabla ya kukigonga muhuri. Sasa tuzungumze kama watu wazima. Mimi ni mhariri wa picha. Chumba changu na cha mstaafu vinatenganishwa na ukuta wa plaiwudi, na nimekasirika. Sioni sababu ya kuficha.

Shangazi, maana hakuna anayemwita vinginevyo, alianza kazi hapa kwa kuwapaka poda watu wa matangazo ya sabuni. Kampuni ilipoamua kujaribu filamu ya mazombi, Ghala la Wafu la kwanza, alipewa ndoo moja, meza moja na umati wa watu wazima wenye mashavu yaliyonona, akaambiwa awaozeshe kufikia asubuhi ya pili. Akawaozesha. Alitumia karatasi ya chooni, gundi na majani ya chai yaliyokwishachemshwa, na ngozi zetu zikachubuka na kuning'inia hadi mpiga picha akakataa kukaa nasi meza moja wakati wa chakula. Nasema ngozi zetu kwa sababu waigizaji hawakutosha, na kila mwenye miguu miwili humu ndani alishikwa mkono akafanywa zombi. Mhasibu alikuwa zombi. Mimi nilikuwa zombi, tena wa kutambaa.

Siku mojawapo ya upigaji picha mvua ilituvuruga, watu wakatawanyika, na mtunza stoo akaenda kwake akiwa na uso wake wa kifo, amesahau kabisa. Mlango ulifunguliwa na mama mkwe wake. Mama wa watu hakupiga kelele wala hakuzimia; alimtwanga mkwewe mwiko wa kichwa. Kule zahanati, daktari alihangaika na lile donda la shavuni, la gundi na majani ya chai, huku jeraha la kweli likichuruzika damu kisogoni bila kuangaliwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Shangazi hakucheka. Kesho yake alitangaza kwamba kuanzia hapo hakuna atakayevuka geti akiwa maiti, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayetunawisha.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila jioni alikaa na beseni la maji ya uvuguvugu na taulo, sisi tumepanga foleni na majeraha yetu. Alikunawisha polepole, kuanzia paji la uso, huku akikuita kwa jina lako la nyumbani, lile alilokuita mama yako. Hakuacha mpaka uitike. Ukiitika kwa mzaha, alirudia. Ukiitika sawasawa, alikufuta kidevu na kusema, "Umerudi. Nenda nyumbani ukiwa mzima." Wageni walidhani ni vituko. Ila mtu ukishinda siku nzima umekufa, ukikoroma na kukokota mguu, kuna kitu kinakubana kifuani na hakitoki kwa sabuni peke yake. Yeye alikitoa.

Mume wake tulifanya naye kazi pia. Alikuwa fundi wa taa, tukimwita Swichi, mtu mcheshi aliyemposa Shangazi juu ya ngazi huku taa kubwa imemmulika ili asipate pa kujificha. Halafu kiharusi kikampiga. Kilimwondolea maneno, kikaendelea kumpunguza kidogo kidogo, ukimtembelea wiki hii huyu siye uliyemwona wiki iliyopita. Shangazi alitoka hapa kutunawisha sisi, akaenda kwake kumnawisha yeye, kwa taulo na kwa jina la nyumbani ambalo sisi hatukulijua. Mwanzoni Swichi aliitika kwa macho. Baadaye kwa vidole. Mwisho hakuitika, na Shangazi akaendelea kumnawisha na kumwita vilevile hadi siku tuliyomzika.

Mwandishi wetu wa filamu alikuwa akienda kumsaidia kumgeuza mgonjwa kitandani. Mwaka jana, alipoambiwa atunge sehemu ya pili, alikuja chumba cha vipodozi akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa, akaomba ruhusa ya kuyaandika yale aliyoyaona. Niliyasikia majibu kupitia plaiwudi. Shangazi alikubali kwa sharti moja.

"Mwisho msiudanganye," alisema. "Mengine fanyeni mtakavyo."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa filamu mliyokuja kuitazama. Mlinzi wa ghala anampenda mshonaji wa magunia. Mshonaji anaumwa na zombi. Mlinzi anashindwa kumuua, anamfunga mnyororo ghalani na kila asubuhi anamnawisha uso. Siku za kwanza uchafu unatoka na mpenzi wake anarudi. Kila siku anarudi pungufu. Zile nyuso za mshonaji, moja baada ya nyingine, Shangazi alizitengeneza kwa mkono wake, na ya mwisho ilimchukua muda mrefu kuliko zote kwa sababu alikataa kuiwekea donda hata moja. Ni uso safi, mzuri, ambao ndani yake hakuna mtu. Mlinzi anauita jina lake, hauitiki. Anafungua mnyororo, anakaa kando yake. Tunabaki na taulo sakafuni na bomba linatiririka. Nimehariri filamu nusu ya umri wangu, na hiyo ndiyo mara pekee niliyolazimika kutoka nje kuvuta pumzi.

Mkurugenzi aliitazama akila korosho. Ilipokwisha, akauliza dawa iko wapi.

"Dawa gani?" mwandishi akauliza.

"Ya kumponya! Mapenzi lazima yashinde bwana, la sivyo sehemu ya tatu tutamleta nani?"

Wiki iliyofuata wakapiga picha mwisho mpya. Chupa ya dawa inapatikana nyuma ya magunia, sijui iliwekwa na nani, mshonaji anakunywa funda moja, mashavu yanajaa, na harusi inafanyika mle mle ghalani, mazombi yaliyopona yakicheza kwenye mstari. Shangazi alimpamba yule bibi harusi, tena akampamba vizuri. Kazi ni kazi, alisema. Ila kabla ya hapo alikwenda ofisini kwa mkurugenzi kumkumbusha sharti lake. Nilikuwepo, nimepeleka kanda. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, akamwonyesha kidole asubiri, akaendelea kuzungumzia matairi ya gari lake. Shangazi akasimama na aproni yake mpaka matairi yakaisha. Kisha akasema alichokuja kusema, na mkurugenzi akamgonga gonga begani.

"Shangazi, hii ni filamu ya mazombi tu. Hakuna aliyekufa kweli."

Hakuna aliyekufa kweli! Alimwambia hayo mjane wa Swichi, ndani ya jengo ambalo Swichi alivuta kila waya wake, chini ya taa aliyoifunga mwenyewe. Mimi nilitegemea arushiwe kitu, na kwenye ile meza kulikuwa na vitu vizito. Shangazi alirudi chumbani kwake. Kupitia plaiwudi nikamsikia anaosha brashi zake, moja moja, kwa muda mrefu kuliko brashi zinavyohitaji. Damu yangu imechemka tangu siku ile na haijapoa. Saa ya ukutani anayokabidhiwa leo, iliyoandikwa "Asante kwa Huduma Yako", haitaipooza, na keki haitaipooza.

Mafanikio yake ni mengi, na menejimenti ingependa niyaorodheshe. Sitaki. Aliwafundisha wapambaji wote mtakaowaona ukumbini, alimfundisha mtunza stoo kujitazama kwenye kioo kabla ya kwenda nyumbani, na hakumwacha mtu yeyote amefia kazini. Yeye alitaka jambo moja tu kutoka kwetu, na tulimwahidi.

Kwa hiyo naomba mzingatie ratiba. Baada ya hotuba ya mkurugenzi, filamu itaonyeshwa kwa wageni wote, wakiwemo waandishi wa habari na wenye kumbi za sinema. Mkurugenzi ametengewa kiti cha katikati, mstari wa mbele, mahali ambapo ukitaka kutoka ni lazima uyakanyage magoti ya watu wazito. Fundi wa projekta, ambaye naye aliwahi kunawishwa na kuitwa mpaka akaitika, anasikitika kuwaarifu kwamba ufunguo wa chumba chake utakuwa umepotea hadi filamu itakapokwisha. Nakala iliyomo kwenye mashine niliifunga kwa mikono yangu. Haina chupa na haina harusi. Ina beseni, taulo na uso ule wa mwisho, kama Shangazi alivyoutengeneza.

Jumatatu huenda nikaandikiwa wasifu wa aina nyingine, mfupi kuliko huu. Hewala.

Shangazi, najua hukuyajua haya mpaka umefika kwenye mstari huu, na najua utataka kuinuka uje unizuie. Kaa. Mwandishi yuko kulia kwako, mtunza stoo yuko kushoto, na nyuma yako tumekaa sote tuliowahi kupanga foleni mbele ya beseni lako. Taa zikizimwa utamwona Swichi, na safari hii hakuna atakayekudanganya kuhusu mwisho wake. Zikiwashwa, tutakuita kwa jina lako la nyumbani, sote kwa pamoja, na hatutaacha mpaka uitike.

Asante kwa kila uso. Umerudi. Nenda nyumbani ukiwa mzima.