Mama Mbiombio na Mgeni wa Moyo

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imemtuma mdogo wake marehemu asome maisha ya dada yake, naye anaomba radhi mapema iwapo sauti yake itachangamka kuliko msiba unavyoruhusu, kwani marehemu mwenyewe hakuwahi kusimulia kazi yake bila kuinuka kitini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha upigaji picha za tiba, alikohitimu mwaka 1991.

Mwaka uliofuata aliajiriwa hospitali ya rufaa, na baadaye akahamishiwa chumba cha picha za moyo, mwisho wa korido ya chini. Humo mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, dawa ikasafiri na damu hadi kwenye nyama ya moyo, kamera ikazunguka kifua, panapofika damu pakang'aa, pasipofika pakabaki giza. Dawa hiyo hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya saa sita, haimngoji mtu, ndiyo maana alipita koridoni akikimbia hadi wenzake wakamwita Mama Mbiombio, na huko haraka haraka ilikuwa na baraka.

Tarehe 9 Septemba 1995 alifunga ndoa na fundi saa, mtu wa taratibu kuliko saa zake, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 2011 baba alianza kubanwa kifua kila apandapo ngazi, lakini kipimo akakikataa katakata, akisema hakumsomesha mtoto ili aje kumtia sumu. Dada aliogopa, tena sana. Akamweleza kwamba dawa ile ni mgeni tu, inaingia, inakagua vyumba, inaaga, na wahenga walishasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Baba akacheka, akakubali, kisha asubuhi ya kipimo akanywa chai ya rangi vikombe viwili ili kuupa moyo nguvu, kumbe chai hupingana na dawa ya kutanua mishipa anayopewa mgonjwa kabla ya picha, basi akarudishwa nyumbani, na binti yake akahamia kwake kulinda birika. Safari ya pili picha zilitoka, ukuta wa mbele wa moyo ulikuwa giza, mshipa umekaribia kuziba, dada akaingia kwa daktari bila hodi, baba akazibuliwa wiki ile ile. Picha za baadaye zilipoonesha ukuta wote unang'aa, alipiga vigelegele hadi mlinzi akaja kuuliza nani amejifungua.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kabla ya upasuaji wenzake walimpima moyo kwa dawa ile ile, akadai aoneshwe skrini kabla ya daktari, akafurahi kuona damu inafika kote. Alifariki tarehe 2 Juni 2024, nyumbani, mumewe na watoto wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa korido ya chini. Baba, mwenye miaka themanini na sita, ameomba asishikwe mkono leo, atatembea mwenyewe hadi kaburini, maana binti yake alimwachia moyo wa kumfikisha.

Dada, lala sasa, pumzika kwa amani.