Mzee Hermani Tluway na Ng'ombe Waliolala Nyumba za Watu

Marehemu Mzee Hermani Tluway alizaliwa tarehe 3 Mei 1941 kijijini Nambis, Mbulu, mtoto wa tatu wa Mzee Tluway na Mama Marieta. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa, na ninyi mliomfahamu hamtabisha. Hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa kwenye kigoda. Aliinuka nacho, akaenda nacho zizini, na mkewe, Bibi Genoveva, akawa anaokota vikombe kwenye nguzo za zizi kama mtu anayeokota mayai.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1951 hadi darasa la nne. Alipenda kukaa dirishani. Siku moja Padri alimwuliza kwa ukali, "Hermani, akili yako iko wapi?" Akajibu, "Iko kwa ng'ombe, Padri. Wanaingia kwenye ngano yako." Darasa lilicheka, Padri akachukua fimbo, halafu akachungulia nje. Ngano ilikuwa inaliwa kweli.

Mwaka 1966 aliajiriwa kuwa mhudumu wa josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Kazi hiyo aliipenda. Wafugaji waliomletea ng'ombe aliwafundisha jambo moja mpaka wakachoka kulisikia: ng'ombe wa kununua akae peke yake kwanza, asichanganywe na wenzake mpaka ajulikane ana afya. Tarehe 13 Julai 1968 alifunga ndoa na Bibi Genoveva. Inasemekana siku hiyo, kabla ya kuuliza kama wageni wamekula, aliuliza, "Ng'ombe wamekunywa?" Mwaka 1971 wakahamia hapa Mogitu kufuata majani.

Ng'ombe wake wengi hawakulala hapa. Kama wazee wake walivyofanya, aliwaweka kwa watu, Nambis, Tumati na huko chini tambarare. Wadogo hawajui tena desturi hii, basi ielezwe. Mtunzaji anapata maziwa na mbolea, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, mtunzaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe iwe ushahidi, na hakuna ugomvi. Ugonjwa ukiingia nyumba moja, nyumba nyingine zinabaki.

Ndipo mambo yakabadilika. Dawa ya josho, iliyokuwa ikiletwa na serikali, ikawa ya kununua dukani. Josho likakauka, vyura wakahamia humo, na mwaka 1992 Mzee Hermani akapunguzwa kazini. Wakati huohuo malori yakaanza kuja minadani kutoka Arusha. Wanunuzi hawakutaka ng'ombe mmoja mmoja, walitaka kundi. Mzee Hermani akakosa usingizi. Aliona kila mtu anakimbia na yeye amesimama. Mwaka 1995 aliamua kuwakusanya ng'ombe wake wote wawe zizi moja, auze kama wafugaji wakubwa.

Alipita nyumba kwa nyumba na kamba begani. Kule Tumati alikuwapo rafiki yake Mzee Basili, aliyepata naye Kipaimara. Mzee Basili alimwambia, "Baba Joakimu, ng'ombe hawa wameamka kwangu miaka yote. Ukiwafungia pamoja, ugonjwa utabisha mlango mmoja tu."

"Basili, dunia ya sasa ni ya soko. Wewe baki na mlango wako."

Walitolewa wote, isipokuwa mtamba mweusi mwenye paji jeupe. Huyo Mama Benedikta, mke wa Basili, alimshika shingo. "Huyu ana mimba, na mimi nina mjukuu asiye na mama. Ukimtaka, njoo na wazee."

"Nitakuja nao!"

"Njoo nao, chai ipo."

Aliondoka amekasirika, hakuaga. Mnadani akaongeza ng'ombe wa kununua ili kundi lijae kabla lori halijaja, na kwa haraka ile akawaingiza moja kwa moja zizini. Yeye, mtu wa josho, aliyewafundisha wengine. Bibi Genoveva alimwuliza, "Hawa hawakai peke yao kwanza?" Akasema, "Lori linakuja Jumamosi."

Homa ya mapafu ilifika kabla ya lori. Karantini ikawekwa, mnada ukafungwa. Zizi lilikohoa usiku na mchana, na mwisho likanyamaza. Walizikwa kwa amri ya bwana mifugo, na ngozi zao.

Karantini ilipoondolewa, Mzee Hermani alitembea mpaka Tumati akiwa na kamba tu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye ng'ombe, hakudaiwa ngozi na mtu. Lakini aliona wamefia mikononi mwake na waliowalea lazima waambiwe. Alisimama mlangoni, akamnyooshea Basili ile kamba. "Hii ndiyo imebaki. Ngozi sina."

Mzee Basili hakuipokea. "Kamba kaa nayo, utaihitaji. Mweusi amezaa jike. Ingia unywe maziwa, na leo ukae chini, maana unatuchosha shingo." Inasemekana alikaa mpaka kikombe kikaisha.

Uzao wa mtamba yule ndio uliojenga upya mifugo yake. Hakuwahi tena kuwaweka pamoja. Kadiri walivyozaliwa aliwagawa, Nambis kwa jamaa zake, tambarare kwa Mzee Marko, na dawa akawapelekea mwenyewe kwa miguu, mvua na jua. Mwaka 2002 tulipoambiwa sasa tuko Mkoa wa Manyara, alicheka: "Mnasema mimi situlii. Hata mkoa umehama, na umenikuta palepale."

Mapema mwaka huu alianza kuvimba miguu. Hospitali walisema ni moyo, apumzike. Hilo lilimtesa kuliko ugonjwa. Mwanawe Joakimu alimwonea huruma. "Baba, tuwalete wote hapa nyumbani uwaone?"

Alishtuka, akataka kusimama. "Msithubutu! Ng'ombe wasije kwangu. Nipelekeni mimi."

Wakakodi gari, wakampitisha nyumba kwa nyumba. Hakushuka, aliletewa ng'ombe mpaka dirishani, akiwashika masikio. Tumati ilikuwa ya mwisho. Alifariki huko, nyumbani kwa Mzee Basili, alasiri ya Jumatano tarehe 22 Oktoba 2003, ng'ombe wakiwa bado malishoni.

Tangu juzi baadhi yenu mnaotunza ng'ombe wake mmekuja mmeshika kamba, mkiuliza wanyama warudishwe lini. Familia imekaa na imekubaliana. Joakimu amesema kwa niaba ya wote: ng'ombe wakae walipo. Maziwa ni yenu kama alivyowaachia. Akifa mmoja, leteni ngozi, mtapokelewa vizuri.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Genoveva, watoto, Joakimu, Fabiola, Wolfgang na Violeth, wajukuu, nikiwamo mimi ninayesoma, rafiki yake Mzee Basili na Mama Benedikta, na nyumba zote zenye ng'ombe wake.

Babu, Mzee Basili ametuma neno kutoka Tumati. Wamekunywa wote. Sasa kaa chini, upumzike kwa amani.