Wasifu wa Kaka Yetu Shii, Askari wa Bunge na Shahidi wa Pili

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu: nimepewa jukumu hili kwa kuwa mimi ndiye mdogo wake ninayemfuata. Mjomba amenisihi nisome wasifu, nisije nikahutubia. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Shule ya msingi aliyosoma ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani, na bado alikuwa anachelewa kila siku, jambo ambalo mama hakulielewa mpaka anaingia kaburini. Alimaliza sekondari mwaka 1984, akiwa kiranja wa bweni. Wenzake wanasema hakuwahi kumchapa mtu wala kumsemea kwa mwalimu.

Mwaka 1991 aliajiriwa kuwa askari wa Bunge. Alianzia kwenye jukwaa la wageni, ambako kazi yake ilikuwa kuhakikisha wananchi wanakaa kimya wakati waheshimiwa wanapigiana kelele. Huko ndiko alikopata jina la Shii, na jina likamfuata hadi nyumbani. Siku alipofunga ndoa, tarehe 6 Desemba 1997, shangazi zetu walianza kushangilia kabla bibi harusi hajamaliza kuitikia. Bwana harusi mwenyewe aligeuka, akaweka kidole mdomoni na kuwakazia macho. Wifi yangu anasema ndipo alipotambua kwamba ameolewa na ofisi. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa nimefika mahali ambapo mjomba alitaka nipite haraka. Mambo yenyewe hayakupita haraka, yalichukua miaka sita.

Mwaka 2018 marehemu alikuwa zamu kwenye korido ya vyumba vya kamati. Mama wa chai, ambaye tumekaa naye hapa leo, alikuwa anasukuma toroli lake. Mheshimiwa mmoja, ambaye simtaji jina kwa kuwa kesi haijaisha, alitoka kikaoni amefura, akakuta toroli limeziba njia. Hakusema hata "nipishe." Alimsukuma yule mama, akaanguka pamoja na toroli, na chai ya moto ikamwagikia mkono wake wa kulia. Mkono huo mpaka leo haufungi kifungo cha blauzi. Koridoni walikuwepo watu wengi wenye macho mazima, lakini ilipofika kuandikisha maelezo polisi, wote walikuwa wanatazama simu zao. Akabaki kaka.

Kesi ikafunguliwa, mama wa chai akawa shahidi wa kwanza, marehemu wa pili. Alipoitwa mahakamani, ofisi ilimwambia kwamba mtumishi wa Bunge haruhusiwi kutoa ushahidi wa mambo yaliyotokea ndani ya jengo mpaka Bunge lenyewe limpe ruhusa. Akaomba. Akapigwa danadana karibu mwaka mzima: leo faili liko kwa katibu, kesho liko kwa mwanasheria, keshokutwa halijulikani liko wapi. Ruhusa ilipotoka, Bunge likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi, akaambiwa ruhusa nayo imekufa. Jioni ile alimwambia mkewe, "Mama watoto, kuona sikuomba ruhusa ya mtu. Kusema ndiyo niombe?"

Akaomba tena. Mheshimiwa alichaguliwa tena, na marehemu akahamishiwa geti la magari. Kila asubuhi ikawa ni yeye wa kumfungulia mshtakiwa geti na kumpigia saluti. Mwanawe mkubwa alimuuliza, "Baba, unaiwezaje hiyo saluti?" Akajibu, "Nasalimia gari, mwanangu. Gari halijamsukuma mtu."

Hatimaye ruhusa ilitoka tena, akala kiapo na kusema aliyoyaona. Hakimu akahamishwa, kesi ikaanza upya. Akasema mara ya pili. Safari hii wakili wa utetezi akamshikia bango: "Mara ya kwanza ulisema toroli lilikuwa na chupa nne. Leo unasema tano. Tukuamini lini?" Kaka alimjibu, "Mheshimiwa wakili, iliyomuunguza ni moja." Watu walicheka, lakini yeye alirudi nyumbani hakula. Hakimu wa pili akapandishwa cheo, kesi ikaanza upya tena. Nasema wazi: damu yangu inachemka hata sasa ninaposoma.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Tarehe 3 Juni mwaka huu, siku aliyotakiwa kusema mara ya tatu, alikuwa kitandani wodi namba tano, anamwomba daktari amwachie saa mbili tu. Daktari alikataa. Mchana tukapata habari kwamba kesi haikusikilizwa, wakili wa utetezi alikuwa na mafua. Marehemu aligeukia ukutani. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alfajiri.

Sehemu inayofuata haimo kwenye programu mliyoshika, kwa sababu imetokea jana. Mwendesha mashtaka ameahidi kuomba maelezo ya marehemu yasomwe mahakamani, na wakili wa utetezi ameshasema atapinga, kwa kuwa hataweza kumhoji. Kisha msaidizi wa mheshimiwa akapiga simu. Bosi wake ameguswa sana na msiba huu, alisema, na angependa kuja kutoa salamu, dakika tano tu. Aliyepokea ni mjomba, yuleyule anayenituliza wiki nzima. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Mwambie akazitoe mahakamani."

Kwa hiyo palipoandikwa "Salamu za viongozi" atasimama mama wa chai. Ataeleza kilichotokea, kwa kirefu anavyotaka, na hakuna atakayemkatiza.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, wadogo zake wanne, na mjomba. Sisi wote tutakuwa mahakamani Jumatatu, tarehe 8 Julai. Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado.