Mzee Apolinary, Kahawa ya Ofisi na Bwawa la Vyura

"Bwawa lile ni karai lililotoboka, na Mzee Apolinary ametumia utumishi wake wote kumwaga maji ya chuo ardhini." Maneno haya yamo kwenye muhtasari wa Kamati ya Majengo, ukurasa wa pili. Aliyeyasema ni Ofisa Utawala wetu, Ndugu Aristides. Ninamheshimu. Anawahi kazini, anajibu barua, na tai yake haijawahi kupinda. Lakini sentensi hiyo haina neno la kweli hata moja isipokuwa "bwawa", na kwa kuwa nimeombwa niandike machache ya kumuaga Mzee Apolinary Mushumbusi, nitaanza kwa kuinyoosha.

Utumishi wake wote? Mzee aliajiriwa chuoni hapa Kagondo Julai 1991, na anastaafu tarehe 30 Juni 2026. Katika miaka hiyo thelathini na mitano ameezeka bweni la wasichana mara mbili, amejenga jiko tunalolitegemea sote, na amefungua kila mlango ambao Ndugu Aristides aliufunga akiwa ameacha funguo ndani. Bwawa lilikuwa kazi yake ya baada ya kazi.

Kuziba matundu alianza kabla ya kutujua. Ni mtoto wa Muleba, na ujana wake aliutumia kisiwani Goziba akiziba boti za wavuvi kwa nyuzi za pamba. Huko alijifunza jambo ambalo wahandisi wetu wa vikaoni hawajalijifunza bado: maji hayabishani na mtu, yanapita tu. Ukitaka kujua palipotoboka, yaulize yenyewe.

Bwawa lenyewe lilijengwa mwaka 1996 uani, nyuma ya maabara ya baiolojia, kwa ombi la Mwalimu Agnetha, aliyechoka kufundisha maisha ya chura kwa kuchora ubaoni. Ni la zege, refu kama basi dogo, na kwa kuwa uwanja umeinama, ukuta wake wa chini umesimama juu ya ardhi. Leo lina vyura, sato, kereng'ende na mdiria anayekuja kuvua bila kibali. Kenge naye alifika mara moja. Siku hiyo mahudhurio ya kipindi cha baiolojia yalishuka ghafla.

Mzee hakuzaliwa anajua, na yeye ndiye wa kwanza kulisema hilo. Mwaka 1998 aliziba ufa wa kwanza, akajaza maji siku ileile, akaenda nyumbani akiimba. Kesho yake samaki wote walikuwa wanaelea. Saruji mbichi hutoa chokaa, na chokaa huua. Alisimama mbele ya gwaride la asubuhi, akavua kofia, akasema, "Nimewaua mimi." Kisha akapanda baiskeli hadi Kaagya, akarudi na ndoo ya vyura na samaki wa bondeni. Nataja tukio hili kwa sababu tangu nianze kazi hapa sijamsikia mtu mwingine akisema "mimi" kwenye gwaride lile, isipokuwa siku za kugawa zawadi.

Sasa tufike kwenye hilo karai. Mwaka jana maji yalianza kupungua kiganja kizima kwa siku. Kamati ikasema bwawa lifukiwe, pawe maegesho ya magari manne. Mzee akaomba wiki mbili. Alijaza ndoo, akaiweka kwenye ngazi ndani ya bwawa, jua likavipiga vyote viwili sawasawa. Ndoo ilishuka unene wa ukucha. Bwawa lilishuka kiganja. Basi haikuwa jua. Akaacha kuongeza maji, yakashuka hadi yakagoma, akachora mstari wa mkaa pale yaliposimama. Tundu liko usawa huo. Akaongeza maji kidogo juu ya mstari, yaanze kuvuja tena. Lakini upande gani?

Wakati huohuo, Bi. Celina wa chai alianza kulalamika kwamba chupa ya kahawa inakauka kabla ya saa nne. Ndugu Aristides akabandika tangazo: "Kahawa ni ya walimu na maofisa tu." Mzee alilisoma lote, akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda kuchukua kahawa.

Mchana mmoja Mwalimu Agnetha alimkuta amelala kifudifudi ukingoni mwa bwawa, bomba la sindano la maabara mkononi, anadondosha kahawa majini tone baada ya tone.

"Waitu Mzee," alimwita kwa heshima ya Kihaya, "sasa vyura nao ni maofisa?"

"Nyamaza, Mwalimu. Inatembea."

Ilikuwa inatembea kweli. Uzi mwembamba wa kahawia ulisogea taratibu ukutani, ukapinda, ukaingia mahali pamoja kama sindano inavyoingia kitambaani. Upande wa pili wa ukuta, mahali hapohapo, palikuwa na kibao: "TUNZA MAZINGIRA. Kwa amri ya Ofisi ya Utawala." Kilifungwa kwa bolti nne. Mbili za chini zilikuwa zimetoboa ukuta mpaka majini.

Mimi ningepiga kelele hadi Bukoba mjini wasikie. Mzee alimwita Ndugu Aristides, akamkaribisha akae, akampa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni yeyote wa heshima kwetu, kwa sababu mtu hapewi habari mbaya kinywa kikiwa kitupu. Akangoja atafune. Ndipo akamwonyesha. Ndugu Aristides alitafuna muda mrefu kuliko kawaida. Mzee akamsaidia: "Bolti zilikuwa ndefu mno, waitu. Ni kosa la bolti."

Aling'oa bolti zile mbili, akachonga matundu yakawa mapana ndani kuliko mdomoni, ili kiraka kisisukumwe nje. Akashindilia saruji ngumu kwa kidole gumba, akaifunika magamba mabichi ya mgomba, akainywesha maji mara tatu kwa siku kwa siku saba, kama mgonjwa. Kisha akajaza na kumwaga maji mara tatu, samaki wakisubiri kwenye pipa. Ni miezi minane sasa. Bwawa linashuka sawa na ndoo.

Mzee anahamia kwenye kibanja chake Kaagya, ambako mkewe amekwisha kutangaza kwamba bwawa halichimbwi. Mzee wetu, asante. Upumzike vizuri, migomba ikuzalie, na kahawa yako sasa iishie kinywani.

Ninyi wajumbe wa Kamati ya Majengo, mna kikao Jumatatu tarehe 6 Julai, siku sita baada ya fundi kuondoka, na ajenda ya nne bado inasema "kufukia bwawa". Ifuteni. Kibao kihamishieni kwenye nguzo ya mti. Na Ijumaa hii saa kumi jioni njooni wote uani, suruali zikiwa zimekunjwa, Mzee awafundishe kutafuta tundu na kuliziba kabla hajakabidhi funguo. Ndugu Aristides, wewe uje na ndoo.