Walipoifungia Klarineti Yangu Stoo

Ndugu zangu, niseme mapema kwamba bado nina hasira. Anayetaka ushuhuda mtamu amngoje mwenzangu atakayefuata.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwetu Mvara mpaka Arua mjini ni mwendo mfupi tu, lakini kwangu hiyo ni safari ya kuaga watu. Nikiwa ndani napuliza klarineti aliyoniachia baba. Nina na kisanduku cha umeme: kinainasa sauti, kinairudia, kinaikwaruza, nami napuliza juu yake. Ni jazi ya namna yake. Mke wangu huiita ugomvi wa bata, na sikatai.

Kundi la maombi la mtaani halikucheka. Wazee wao walikuja.

"Mutu imenyamaza na sauti bado iko. Hiyo iko sauti ya nani?"

Nikawaonyesha kisanduku.

"Basi shetani iko ndani ya sanduku."

Nawaambia, walinishika kichwa eti wanitoe shetani, wakanisukuma mpaka nikapiga magoti mbele ya mke wangu. Kisanduku waliogopa kukigusa; klarineti wakaenda kuifungia stoo kwao.

Nikaacha kula, kuoga, kuongea; nikabaki kitandani. Wala hakuna jirani aliyeshtuka kwamba sitoki nje. Walisema ndiyo kawaida yangu.

Kisha baba mdogo akafariki Kuluba, kule Koboko. Kwetu pembe za msiba hupulizwa na kundi, kila mtu na sauti yake moja tu, mpaka zinasukana kuwa wimbo. Wapulizaji walibaki wawili. Shangazi, dada wa marehemu, akapiga simu.

"Wewe mutu ya kelele. Sanduku yako naweza shika sauti ya wale hapana iko?"

"Kinaweza, shangazi. Lakini klarineti wameifungia."

"Nani?"

Kesho yake alikuwa amekaa mlangoni pa stoo yao. "Maiti iko nangoja," aliwaambia. "Nyinyi tapuliza?"

Wakafungua.

Kuluba nilipuliza sauti za pembe zilizokosekana, moja baada ya nyingine, kisanduku kikazishika zote. Wale wapulizaji wawili wakaingia katikati. Watu wakamchezea marehemu mpaka vumbi likapanda. Nilipuliza huku nalia.

Asante shangazi. Asante mke wangu. Asanteni nyinyi mlioniacha nikae kimya hapa mpaka maneno yakaja. Wale wazee sasa wanataka nipulize kwenye sherehe yao ya mavuno. Radhi hawajaomba. Sitakwenda. Msiniombee hasira iishe, ndiyo iliyoniinua kitandani. Na wewe ukisikia usichokijua, keti usikie mpaka mwisho. Kichwa cha mtu usikiguse.