Lorna Pacheco na Nyumba ya Akina Balancio

Baada ya miaka ishirini na miwili katika ofisi yetu ya mauzo ya nyumba hapa Stockton, Lorna Pacheco anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Anasema yuko tayari. Sisi hatuko tayari hata kidogo.

Kazi yake ilikuwa mauzo pungufu: mtu aliyezidiwa na mkopo anaiomba benki ikubali nyumba iuzwe kwa bei isiyofikia deni, na imsamehe kilichobaki. Ukisikia hivyo utadhani ni jambo la wiki moja. Benki hupokea makaratasi, huyapoteza, huyaomba upya, na huku siku ya benki kuinadi nyumba inakaribia. Lorna hakujua kutulia. Alipiga simu kabla hajavua koti, na chai yake ilipoa mezani kila siku.

Wengi mnakumbuka akina Balancio, mwaka 2010. Mnunuzi alishapatikana, ilibaki benki itume mthamini. Bi Teresita Balancio, kwa ukarimu wake, akapaka kuta rangi, akapanga maua, akampikia mgeni tambi za pansit. Mthamini akala, akashiba, akaipandisha nyumba bei. Benki ikaikataa bei ya mnunuzi na mnada ukapangwa. Wangefukuzwa, na sehemu ya deni ingewafuata huko waendako.

Lorna alichemka. Aliisumbua benki mpaka ikatuma mthamini mwingine.

“Mama, safari hii usipike kitu,” alimwambia Bi Teresita. “Mpeleke bafuni akaone dari lilivyooza.”

“Jamani, dada! Mgeni nimpeleke bafuni?”

“Bafuni! Tena washa taa.”

Benki ilikubali asubuhi ya mnada wenyewe, lakini haikumwambia dalali wake. Lorna akakimbilia mahakamani, ambako minada ya nyumba hufanyika mlangoni, akamganda dalali ubavuni, simu sikioni, mpaka amri ya benki ya kusimamisha mnada ikafika. Wanunuzi wa mnadani walikuwa wamekwisha kusogea.

Mwezi uliofuata akina Balancio walihama, hawadaiwi na mtu. Ofisini tukampigia Lorna makofi. Akatukatiza.

“Mnashangilia nini? Mama wa watu analia kwenye gari hapo nje.”

Akatoka kwenda kumshika mkono.

Lorna, umetufundisha kazi na umetufundisha watu. Asante sana. Uwe na afya, uwe na furaha, na chai yako uinywe ikiwa moto.