Sweta ya Mzee

Katika basi la Embu kwenda Meru, mbele yangu waliketi wanawake wawili waliojuana asubuhi ile kliniki. Nilishusha macho, kama ilivyo adabu. Lakini masikio Mola hakuyapa kope.

“Mimi walinikata chuchu na nyama kidogo, titi likabaki,” alisema Gladys, mwenye kitambaa cha kijani. “Kumbe kile kidonda nilichokuwa nikipaka mafuta mwaka mzima kilikuwa saratani. Sasa daktari anataka niende Nairobi kupigwa miale wiki tano, isirudi. Mimi siendi.”

“Waogopa kuungua?” aliuliza mwenzake, Mama Gachoki.

“Naogopa Mukami, mke mdogo. Kwetu kila mke ana jiko lake, na mzee hula kwa zamu. Akila kwa Mukami wiki tano mfululizo, atakumbuka mlango wangu?”

“Wewe mama, mimi walichukua titi lote. Wewe umeachiwa lako, na bado unalinda sufuria?”

“Wewe huna mke mwenza.”

“Sina. Na titi pia sina.” Akakitazama kifua cha Gladys, jinsi asiye na shamba atazamavyo mahindi ya jirani. Wivu, nikaona, ulikuwa umekalia viti vyote viwili.

Basi likasimama Nkubu. Gladys akachungulia dirishani. “Mukami ndiye yule, mwenye sweta mkononi.”

“Amekuletea sweta usishikwe na baridi. Si anakupenda?” akasema Mama Gachoki.

Gladys akainuka, mkono kifuani. “Hiyo ni sweta ya mzee, na imetoka kwake,” akasema. “Na leo ni zamu yangu.”

Akashuka.